Kiti cha bibi wa Gangilonga

Kiti kilifika karakanani kwangu Mafinga mwezi wa sita mwaka jana, kimefungwa kwa shuka la maua na kamba ya katani, kimelazwa juu ya matenga ya nyanya nyuma ya Noah iliyotoka Gangilonga, Iringa mjini. Dereva alikishusha mwenyewe, hakutaka kijana wangu akiguse. "Dada fundi," akaniambia, "bibi amesema kisigongwe. Na yaliyobanduka yako humu." Akanipa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na vipande kumi na saba vya mbao nyembamba, kimoja kirefu kama kidole cha shahada, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Kumbe bibi alikuwa akiviokota kila alipofagia, miaka nenda miaka rudi, na hakutupa hata kimoja.

Nimekuwa seremala tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimetengeneza milango, vitanda, makabati ya jikoni, na madawati ambayo siwezi kuyahesabu. Wateja huniletea kiti kilichovunjika wakiwa wameshatupa mguu uliokatika. Yule bibi alikuwa ametunza mpaka vumbi la kiti chake, na nilijua tangu saa ile kwamba kazi hii sitaifanya kama nyingine.

Ni kiti cha kuandikia, cha mtu mmoja na meza yake. Egemeo limepinda nusu duara: linaanza mkono wa kulia, linazunguka mgongo, linaishia mkono wa kushoto bila kukatika popote. Miguu ya nyuma imepinda kama jambia. Kikalio ni cha ngozi, kilikuwa kimechanika pembeni, na ndani zilionekana singa za farasi zilizosokotwa, bado zina nguvu ya kurudi ukizibonyeza. Lakini hayo yote unayaona baadaye. Jicho linakwenda kwanza kwenye egemeo, kwa sababu lote limevikwa ngozi ya mbao ya mjozi, ule mti wa Ulaya uitwao walnut, rangi ya asali iliyokaa, na ndani ya ngozi hiyo unapita mtawi wa majani ya mbao nyeupe kutoka mkono hadi mkono. Kila jani lina kivuli upande mmoja. Ukisimama mlangoni utaapa kwamba yamechongwa yakainuka. Sogea, pitisha kiganja: ni tambarare kabisa. Nilipitisha kiganja labda mara ishirini siku ile ya kwanza.

Bibi alikuwa mpishi wa mzee mmoja wa Kiitaliano, fundi mitambo, aliyekaa Iringa miaka mingi. Kiti kilikuwa cha babu yake, kule Emilia, kaskazini mwa Italia, naye alikileta kwa meli pamoja na vyombo vyake vya nyumbani. Alipozeeka na kurudi kwao akamwachia bibi. Akamfundisha na neno moja, ambalo bibi analitamka vizuri kuliko nitakavyoweza mimi: impiallacciatura. Yaani kuivika mbao ngozi ya mbao nyingine.

Waitalia si wageni kwetu. Wamisionari wa Consolata, ambao shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901, walifika Iringa mwaka 1919 wakaipokea misheni ya Tosamaganga iliyokuwa imeanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani. Babu yangu mzaa baba alijifunza kushika randa kwa bruda mmoja wa Kiitaliano, akamfundisha baba, baba akanifundisha mimi. Kwa hiyo kiti kile kilipofika niliona kama ndugu wa mbali amepiga hodi.

Sasa, kuna neno ambalo kwetu Mafinga limeharibika, na neno hilo ni vinia, yaani hiyo hiyo ngozi ya mbao. Hapa vinia ni kitu cha kila siku. Tumezungukwa na Shamba la Miti la Sao Hill, zaidi ya hekta 130,000, na ukipita barabarani utaona karatasi za mlingoti zimeanikwa juani kwenye vichanja kama dagaa. Gogo linawekwa kwenye mashine, linazungushwa, kisu kinalimenya kutoka nje kwenda ndani mpaka linabaki gongo jembamba kama mchi. Karatasi hizo zinapangwa moja juu ya nyingine, nyuzi zikikingamana, zinakuwa plaiwudi. Ni kazi nzuri, imelisha nyumba nyingi hapa, ya kwangu ikiwemo, maana mume wangu alianika vinia miaka minne. Ila mteja akija kutaka kabati, ukitaja vinia tu anakunja uso. Kwake vinia ni kitu cha kudanganyia, uso mzuri juu ya mbao mbovu. "Mimi nataka mninga mtupu," anasema.

Namwelewa, kwa sababu amewahi kuuziwa kabati lililovimba kwa mvua ya kwanza. Lakini kiti hiki kinamjibu. Chini ya ngozi ya mjozi kuna mbao nyeupe laini, ile ambayo Waitalia huiita pioppo, nyepesi, rahisi kupinda na kukata. Fundi hakuificha kwa aibu. Mjozi wenye mapambo kama haya haupatikani kila mahali kwenye mti. Unapatikana pale mti unapogawanyika panda, nyuzi zinapobanana na kufanya mchoro kama unyoya. Ukiupasua mbao nene, unapata kiti kimoja, nacho kitapindapinda na kupasuka kwa sababu nyuzi za panda hazina mwelekeo mmoja. Ukiukata ngozi nyembamba, panda ile ile inavika nyumba nzima, na haipasuki kirahisi kwa sababu imeshikwa na mbao tulivu chini yake. Tena ngozi mbili zilizofuatana kwenye gogo ukizifungua kama kitabu, upande huu unakuwa kioo cha upande ule. Katikati ya egemeo la bibi ndivyo ilivyo: unyoya wa kushoto na unyoya wa kulia, na mstari wa kukutana hauonekani mpaka uutafute kwa ukucha.

Ngozi yenyewe nilipoipima ukingoni ilikuwa karibu milimita moja na nusu. Imepasuliwa kwa msumeno, maana upande wa ndani mistari ya meno bado ilikuwepo, imekwenda mshazari kama mvua ya upepo. Ngozi za mapambo zinazouzwa leo mara nyingi hazifiki hata milimita moja. Kumbuka kipimo hicho, nitakirudia kwa uchungu.

Kuhusu majani, ufundi huo ni wa zamani sana kwao. Kule Urbino, katika miaka ya 1470, mtawala Federico da Montefeltro alijengewa chumba kidogo cha kusomea ambacho kuta zake zimejaa makabati yaliyo wazi nusu, vitabu, ala za muziki, silaha, hata kindi. Hakuna kabati wala kindi. Ni ukuta tambarare wa vipande vya mbao za rangi mbalimbali vilivyounganishwa. Na anayenigusa zaidi ni Giuseppe Maggiolini, aliyezaliwa mwaka 1738 Parabiago, mji mdogo karibu na Milano. Alikuwa seremala wa pale pale. Kazi zake ziliingia katika nyumba za watawala, na karakana yake ikabaki Parabiago hadi alipofariki mwaka 1814. Picha zake alizichora kwa kuchagua mti mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa rangi ya kila mti kama ilivyozaliwa. Nikiwa Mafinga, mbali na maduka yote makubwa ya Dar, habari ya mtu kama huyo inanipa nguvu. Na pwani yetu ya Waswahili nayo ina njumu yake: viti vya enzi vya Lamu, vyenye mifupa iliyopachikwa kwenye mbao nyeusi. Mkono unaokata mfupa uingie kwenye mti bila upenyo ni mkono ule ule.

Kwa nini majani yalibanduka? Hewa. Kiti kilizaliwa kwenye bonde lenye ukungu, kikapita baharini, kikaja kukaa Gangilonga, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja midomo hupasuka. Mbao ya chini inasinyaa kwa kipimo chake, ya juu kwa kipimo chake, na gundi katikati, iliyokauka kwa miongo mingi, inakuwa kama sukari guru. Halafu mtu fulani, fundi aliyenitangulia, alipigilia misumari midogo kwenye majani matatu, kisha akamwaga vanishi nene ya kung'aa juu ya kiti kizima. Vanishi ile ilikuwa imegeuka manjano na kufanya magamba. Misumari ilikuwa imeota kutu na kuweka doa jeusi kwenye kila jani. Nilikasirika. Siku mbili nzima niliitoa vanishi kwa kipande cha msumeno kilichovunjika, nilichokinoa kikawa kikwangulio, taratibu, unyuzi kwa unyuzi.

Siku ya tatu nilichoka. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita ambayo Mafinga inajulikana kwayo, vidole vimekufa ganzi, na mbele ya mkono wa kushoto wa kiti palikuwa na tone gumu la vanishi lisilotaka kutoka. Nikachukua mashine ya msasa. Niliiweka kwa sekunde tatu, hazikuzidi. Nilipoiinua, katikati ya asali ya mjozi palikuwa na weupe, mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Ile milimita moja na nusu, ambayo mafundi wa pande zote walioishika kabla yangu waliiheshimu, niliimaliza mimi kwa sekunde tatu. Mti ule hauoti tena pale.

Nilizima umeme nikakaa kwenye benchi. Jioni nikampigia bibi. Ningeweza kupaka rangi ya kahawia asijue. Macho yake si mazuri tena. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nimekiumiza kiti." Nikaeleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikasikia redio nyuma yake. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa umesema mwenyewe, endelea." Akakata simu. Mashine ya msasa niliipeleka nyumbani usiku ule, nikaifungia kabatini mpaka kiti kilipotoka.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu kama baba alivyonifundisha, kuanzia gundi. Gundi nyeupe ya dukani ni nzuri na imara, lakini kwa kazi kama hii imara yake ndiyo tatizo: ikishika, fundi ajaye akitaka kufungua atang'oa na mbao. Gundi ya ngozi inaachia ukiipa joto na unyevu. Ndiyo iliyokuwemo kwenye kiti tangu mwanzo. Nilikwenda machinjioni nikapata vipande vya ngozi mbichi, nikavisafisha, nikaviloweka, nikavipika siku nzima sufuria ndani ya sufuria, maji ya moto yakizunguka. Haitakiwi kuchemka; ikichemka inapoteza nguvu. Baba alikuwa haweki kipimajoto, aliweka kidole: kama unaweza kukivumilia kidogo na kukitoa upesi, ni sawa. Kisha unaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, unavitenganisha. Ikivuta nyuzi kama utando wa buibui, iko tayari. Harufu yake, nakiri, majirani waliilalamikia, na nikawapelekea sabuni na maneno mazuri.

Shida ya Mafinga ni kwamba gundi hiyo inaganda ikipoa, na mwezi wa saba hapa inapoa kabla hujamaliza kutamka jina la mtakatifu wako. Kwa hiyo niliwasha jiko la mkaa chumbani, nikaacha dirisha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, nikapasha moto kila kipande kwa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu kabla ya kukipaka. Egemeo limepinda, klampu haishiki pale. Nilishona mfuko wa turubai, nikaujaza mchanga uliokaangwa, nikaulaza juu ya majani ukiwa wa moto. Mchanga unafuata kila pindo na kubonyeza sawasawa. Kisha nikazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavuta, nikafunga. Asubuhi unafungua, unagonga kwa ukucha. Sauti ikiwa nene, imeshika. Ikiwa nyepesi kama ganda la yai, kuna hewa, rudia. Jani la saba nilirudia mara nne.

Vipande kumi na sita kati ya kumi na saba vya bibi vilirudi mahali pake. Kimoja sikupata mahali pake. Na jani moja halikuwemo kwenye bahasha, la pili kutoka ncha ya mkono wa kulia, pale kidole kinapopumzika mtu akiandika.

Jani hilo nilitaka lifanane, ila lisidanganye. Nilikwenda Kalenga kwa mama. Ana mlimau mkongwe nyuma ya jiko, na tawi lake moja lilikatwa mwaka juzi na kuachwa darini. Mti wa mlimau ndani ni manjano hafifu, mgumu, nyuzi zake zimebanana mpaka kisu kinapita bila kuchagua upande. Mama aliniuliza ni kazi gani inayomfanya mtu asafiri kwa ajili ya kijiti. Nilimwonyesha picha ya kiti kwenye simu. Akaitazama, akaenda kuleta ngazi. Tulichota na mchanga mweupe wa Ruaha Mdogo, pakiti mbili za unga.

Nilipasua tawi kwa msumeno mwembamba nikapata vibao vitano vya milimita mbili, viwili vikapasuka. Nikachora jani kwa kufuata jirani yake, nikalikata kwa wembe na kisu cha ngozi. Ndipo ikaja sehemu niliyoiogopa na ambayo sasa naipenda kuliko zote: kivuli. Kivuli hakipakwi. Unakaanga mchanga kwenye kikaango mpaka ukidondosha tone la maji linaruka, kisha unashika jani kwa koleo na kuzamisha ukingo wake mmoja. Moja, mbili, tatu, nne, unatoa. Ukingo ulioingia ndani sana umekuwa kahawia ya kahawa, ulio karibu na uso wa mchanga ni kahawia ya mkate, na juu yake mti umebaki na weupe wake. Kivuli kinakuja chenyewe kwa kufifia, hakuna brashi inayoweza. Ukihesabu mpaka saba ni mkaa. Niliunguza majani mawili. La tatu nililitoa nikalipuliza mchanga, nikaliweka kwenye pengo lake bila gundi, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Kijana wangu akauliza, "Dada, lipi ni letu?"

Mstari mweusi unaozunguka mtawi ulikuwa umekatika sehemu mbili. Niliziba kwa mabaki ya mpingo niliyopewa zamani na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Ule wa asili ni mti mwepesi uliotiwa rangi, ukiukwangua ndani si mweusi. Mpingo ni mweusi wenyewe. Doa nililolifanya na mashine nililifunika kwa kiraka cha mninga, chenye umbo la almasi nyuzi zikifuata za mjozi, kutoka ubao wa kitanda cha babu. Kinaonekana. Mninga una wekundu ambao mjozi hauna, na sikuupaka rangi. Mwisho nikasugua shelaki, vanishi ya asili ya mafundi wa zamani, kwa kitambaa cha pamba, safu juu ya safu kwa wiki mbili, mpaka unyoya wa katikati ulipoamka.

Singa za farasi nilizifua kwa sabuni, nikazichambua, nikazirudisha zile zile. Ngozi ya kikalio ni mpya.

Kabla ya kufunga kikalio nilibandika bahasha ya kaki chini yake, ile ile ya bibi. Ndani mna kile kipande kisicho na mahali, kipande cha mlimau kilichobaki, na karatasi yenye mwezi na mwaka, gundi niliyotumia, na maelezo ya sekunde tatu za mkono wa kushoto. Fundi atakayekifungua nikiwa sipo atahitaji kujua.

Nilikipeleka Gangilonga mwenyewe, nimekipakata kwenye kiti cha nyuma. Bibi alikuwa amefua pazia. "Kamwene, mwanangu," akasema, akavuta kiti karibu na mlango penye mwanga, akaanza kukipapasa kuanzia kulia. Alipita jani la mlimau bila kusimama. Alizunguka mgongo wote. Alipofika mkono wa kushoto kidole kilikuta kiraka cha mninga, kikasimama, akakizunguka mara mbili.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, bibi."

Aliacha kidole pale. Baadaye akaniuliza kama kwenye ile karatasi nimeandika majina. Nikasema hapana. Akataka nifungue. Niligeuza kiti juu ya shuka la maua, tukafungua bahasha, na mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye kiti ni chake sasa, akaandika kwa herufi kubwa: jina la yule mzee, la bibi, langu, na lake mwenyewe. Bibi akamwambia aongeze na la mama yangu wa Kalenga, kwa ajili ya mti.